Hita ya gesi: joto halina kasoro, ila yangu ilikuja ikivuja

Hita hii nimekaa nayo miezi minne, kwa hiyo siandiki kwa furaha ya siku ya kwanza. Ni ile ya magurudumu: mtungi unakaa nyuma yake, na mbele kuna vigae vitatu vya kauri, ambavyo unaweza kuwasha kimoja, viwili au vyote. Kwa joto, sina la kulalamika. Vigae viwili vinatosha sebule yangu, cha tatu nakiwasha robo saa tu baridi ikizidi. Shida yangu ilikuwa nyuma, kwenye mpira unaopitisha gesi.

Hita hufika mpira wake umeshafungwa upande wa hita. Mnunuzi anabaki na upande wa mtungi, na hapo nilikuwa makini mpaka nikajishangaa. Nilihakikisha namba ya mgandamizo iliyo kwenye regulata, kile kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi inapotoka mtungini, inafanana na ile ya kibandiko cha hita (zangu zote ni milibari 30). Nikatazama kile kipete cha mpira ndani ya nati kama kipo na hakijapasuka, maana ndicho kinachozuia gesi, si nguvu za mkono wako. Nati yenyewe inakazwa kwa kuzungusha kushoto, kinyume na nati zote nilizozoea. Karatasi ya maelezo haikulisema hilo, nikapoteza dakika kumi nikidhani nimeuziwa kitu kibovu. Na wale wanaozungushia utepe mweupe wa mabomba ya maji kwenye kiungo cha namna hii, waache. Kipete kinataka kukaa juu ya chuma kisafi.

Kisha sabuni. Nilichanganya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji kidogo, nikakoroga hadi ikawa nzito. Vitufe vya hita vyote vimezimwa, nikafungua koki ya mtungi, nikapaka kwa brashi ndogo kuzunguka nati, regulata na mwanzo wa mpira. Povu likatulia kimya. Nilikuwa nainuka zangu, lakini brashi ilikuwa bado na sabuni, nikapaka na ule upande wa hita ambao sikuugusa kabisa. Hapo kikatokea kiputo kimoja chini ya klipu ya chuma. Kikavimba polepole mpaka ukubwa wa punje ya mtama, kikapasuka, kikafuata kingine palepale. Nikahesabu: kila baada ya sekunde nne au tano, kimoja.

Sikusikia harufu yoyote. Nilipiga magoti nikanusa, wapi! Nilipompigia muuzaji akaniambia, "Kama hunusi kitu, haivuji." Hapo ndipo alipoipoteza nyota yake. Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu. Ile tunayoinusa ni kemikali inayotiwa makusudi. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa, inashuka na kutambaa sakafuni, inajikusanya chini ya makochi na kwenye mashimo, pua yako iko juu inahangaika na mambo mengine. Uvujaji mdogo kama ule unaweza kukaa siku nzima bila kukupa taarifa, hasa ukishaizoea hewa ya chumba. (Na yule jamaa wa kupitisha kiberiti kwenye kiungo aone kama kitashika moto, huyo sina la kumwambia.)

Nilifunga koki, nikafungua madirisha na mlango, sikugusa swichi ya taa, nikautoa mtungi nje ukiwa umesimama wima. Kesho yake nikaita fundi wa gesi. Nilidhani atakaza klipu tu kwa bisibisi aondoke. Akakataa. Alinionyesha kwamba klipu ilikuwa imebana ncha kabisa ya mpira, nje ya ile mikunjo ya chuma inayoushika, na pale ilipobana mpira umeshakatika kidogo. "Ukikaza zaidi unaukata zaidi," alisema. Akaugeuza mpira tukasoma tarehe iliyochapwa ubavuni: ulikuwa na miaka mitatu kabla hata hita haijatoka dukani. Akaweka mwingine, mrefu kiasi cha kutojipinda mtungi ukirudishwa ndani na usioweza kugusa sehemu yenye moto. Tukapaka sabuni tena pande zote mbili. Kimya. Kisha tukaifuta kwa maji safi, kwa sababu sabuni ikikaa inakula chuma.

Mengine kwa ufupi. Kuwasha kunahitaji subira: kitufe kinabanwa kama sekunde 20 mpaka kihisi kipate joto, ukiachia mapema moto unazimika. Ina kidude kinachoizima hita pale oksijeni inapopungua chumbani, ni kitu kizuri, lakini mimi dirisha naacha wazi kidogo na nimeweka king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu ambayo haina harufu wala haitiwi harufu. Chumbani tunapolala haiingii. Ila hili sikulitarajia: unyevu. Kila kilo ya gesi inayoungua inatoa maji kama kilo moja na nusu, hivyo vioo vinatoka jasho asubuhi hadi unafuta kwa kitambaa.

Mtungi ukibadilishwa napaka sabuni tena, pande zote mbili, hata ule ambao sijaufungua. Inachukua dakika tatu.

Nyota nne kwa hita, moja kwa karatasi ya maelezo. Mpira wa zamani ninao bado. Muuzaji ameomba picha, nimemtumia mbili: ya klipu na ya tarehe.