Vifunika masikio vya shilingi 38,000 kando ya bunduki ya nyati

Nilivinunua Tabora mjini, katika duka la vifaa vya usalama kazini ambalo wateja wake wengi ni wachomeleaji na mafundi seremala, na muuzaji alikiri kwamba hajawahi kuulizwa kama vinafaa kwa bunduki. Mimi ni mfuata nyayo katika kitalu cha uwindaji kusini mwa Sikonge, na tangu msimu ulipofunguliwa Julai nimekuwa nikivivaa kila wageni wanapojaribu shabaha kambini.

Boksi linasema vinapunguza ukubwa wa sauti kwa desibeli 27. Kipimo hicho ni cha maabara. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, hushauri kipunguzwe kwa robo, hivyo tunabaki na takriban 20. Mlio wa bunduki ya kuwindia nyati huzidi desibeli 160, na kikomo kinachotajwa kwa kawaida kwa mlio wa ghafla ni 140, kwa hiyo hakuna akiba yoyote.

Kasoro kubwa ya vifunika hivi niliigundua siku mgeni mmoja alipofyatua bunduki iliyofungwa mdomoni kile kifaa chenye matundu cha kupunguza teke. Kifaa hicho humpumzisha bega mpigaji, lakini gesi ya baruti hutupwa pembeni, na anayesimama ubavuni huumia kuliko mwenye bunduki. Nilikuwa hatua tatu kulia kwake, nimevaa miwani ya jua ambayo mikono yake ilikuwa imeinua sponji ya vifunika na kuacha upenyo. Mlipuko niliusikia kifuani na kwenye meno kabla ya kuusikia masikioni, na sikio la kushoto lilivuma hadi asubuhi. Vinyweleo vya sikio la ndani vikishakufa havioti tena. Wazee wengi wa kazi hii huitikia salamu kwa kukisia.

Sasa navaa pia vizibo vya sponji ndani, ingawa nyongeza yake ni kama desibeli 5 tu, kwa kuwa sauti hupita hata kwenye mfupa wa fuvu, na nasimama nyuma ya mpigaji. Porini vifunika vinaning'inia shingoni, maana nyati lazima nimsikie.

Kwa bei yake ningevinunua tena, ila joto la Oktoba limeshapasua ngozi ya sponji, na duka haliuzi sponji za akiba.