Gari la kale la spoti la Kiingereza: anza na MGB, E-Type isubiri

Kwenye matangazo ya magari ya kale ya spoti nchini Uingereza, muuzaji atakusifia injini, rangi na viti vya ngozi. Wewe ulizia bodi. Injini za magari haya hufunguliwa na kufanywa upya kwa gharama inayojulikana. Bodi iliyooza haikadiriki, maana hata fundi hajui atafika wapi mpaka aanze kukata. Kwa kigezo hicho nimeyapanga hivi.

Nafasi ya kwanza naipa MGB, iliyotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980. Kwa anayenunua mara ya kwanza sioni gari la kuishinda. Kiwanda cha Abingdon kilitoa zaidi ya 500,000, kwa hiyo spea zimejaa, na mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage ilianza kutoa hata bodi nzima mpya. Injini ni ya cc 1,798, ngumu na rahisi kutengeneza. Tafuta yenye bampa za chuma, ya kabla ya mwishoni mwa 1974. Baada ya hapo, ili kutimiza sheria za Marekani, waliiwekea bampa nyeusi za mpira na kuinyanyua, ikawa inalala zaidi kwenye kona.

Sasa piga magoti uangalie chini ya milango. MGB haina chesi ya kujitegemea. Sehemu kubwa ya uimara wake iko kwenye mihimili ya bati inayopita hapo chini. Mhimili huo hauishii pale unapouona, unaendelea mbele ukijificha nyuma ya madigadi. Fundi anayeubadilisha kikamilifu lazima atoe madigadi ya mbele au aikate sehemu yake ya chini. Fundi mvivu huchomelea bati jipya juu ya kutu, akasawazisha kwa puti na kupiga rangi, na gari likang'aa kweli kweli. Kwa hiyo dai picha za kazi ikiendelea, na utafute ile inayoonyesha hiyo sehemu ikiwa wazi. Kama picha hazipo, omba gari lipigwe jeki upande mmoja, kisha fungua na kufunga mlango. Mlango ukianza kukwama, usinunue.

Ya pili ni Triumph TR6 (1968–1976). Silinda sita, cc 2,498, na mlio wake ni raha tupu. Zilizouzwa Uingereza zilitumia mfumo wa Lucas wa kupulizia petroli, ambao pampu yake husumbuliwa na joto. Za Marekani zilikuja na kabureta mbili na usukani kushoto. Nyingi zimerudishwa Uingereza na kuhamishiwa usukani kulia, kwa hiyo uliza kazi hiyo ilifanywa na nani. Hii ina chesi. Ingia chini na tochi ukague mabano yanayoshika difu, kwa sababu hupasuka.

Bajeti ikibana, Triumph Spitfire inafaa sana. Boneti yake yote hufunguka kuelekea mbele, na ukikaa kwenye tairi unaifikia injini bila shida. Mwombe mtu akanyage klachi huku wewe unaangalia puli ya mbele ya injini: ikisogea mbele na nyuma waziwazi, kuna kazi kubwa inakusubiri. Chagua ya mwishoni mwa 1970 kuendelea, maana za awali tairi za nyuma zilikuwa na tabia ya kujikunja kwenye kona kali.

Jaguar E-Type naiweka mwisho, ingawa naiona ndiyo nzuri kuliko zote tangu ilipozinduliwa Geneva mwaka 1961. Boneti yake peke yake ni mradi mzima, na breki za nyuma zimejificha ndani karibu na difu. Nunua pale tu utakapokuwa na pesa ya gari na nyingine ya matengenezo.

Jambo moja la makaratasi. Uingereza, gari likishapita miaka 40 kwa kawaida halilipiwi kodi ya barabara, na kama halijabadilishwa sana, ukaguzi wa kila mwaka wa MOT si lazima. Maana yake gari linaweza kuuzwa bila kuguswa na mkaguzi kwa miaka. Soma rekodi zake za MOT mtandaoni kwa namba ya gari, ni bure, kisha lipia ukaguzi mpya kabla hujatoa hata malipo ya awali. Na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika: ukikuta boneti ina joto, subiri ipoe ndipo muwashe pamoja.