Utando usiolowa: maji ya betri kutoka baharini

Mimi ni fundi wa betri hapa Lamu. Maji ya betri huku huja kwa boti, na nauli ya boti unailipa wewe. Ndiyo maana nikaagiza utando, karatasi moja ya PTFE, ukubwa wa A4, shilingi 4,800 mpaka mkononi, nijitengenezee maji hayo kutoka baharini. PTFE ndiyo teflon, ile ya vikaangio na ya tepu nyeupe ya mafundi bomba, ila hii ina vitundu vya maikromita 0.2 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Ukiidondoshea maji yanajiviringa kama kwenye jani la myugwa. Maji hayapiti, mvuke unapita.

Nimeibana kati ya fremu mbili za plastiki. Upande mmoja yanazunguka maji ya bahari ya nyuzi 60, yaliyopashwa na jua kwenye mpira mweusi wa maji juu ya bati. Upande wa pili maji safi ya baridi. Mvuke unavuka, ukifika kwenye baridi unageuka maji, chumvi inabaki ilikotoka. Pampu zangu ni za tangi la samaki. Mitambo ya osmosisi, ile inayosukuma maji ya bahari kwa nguvu yapite kwenye utando, hutaka mgandamizo wa baa 55 hadi 70, na tairi la gari ni baa 2 na kitu tu, basi fikiria bei ya pampu yake.

Kipimo changu cha chumvi kinaishia 9,990 ppm (sehemu kwa milioni), kwa hiyo maji ya bahari, yenye kama 35,000, yalikishinda. Yaliyotoka upande wa pili yalisoma 4. Nilipima mara tatu.

Tatizo ni kiasi. Kuvukiza lita moja kunakula karibu kilowati-saa 0.65 za joto, na siku ya jua kali napata lita moja na nusu. Kwa betri inanitosha. Kwa maji ya kunywa ya watu sita, usinunue.

Halafu ile siku kijana wangu alichota maji kwa beseni la kufulia. Saa moja baadaye kipimo kikasoma 600! Sabuni huyalegeza maji, yakaingia vitunduni na chumvi yake. Muuzaji hakuandika neno lolote kuhusu sabuni wala mafuta, na hapo ndipo ninapomkata nyota mbili. Niliisuuza karatasi, nikaianika kivulini siku mbili. Kipimo kikashuka hadi 30 kikagoma. Maji hayo siyatii kwenye betri ya mteja.

Ya pili iko njiani. Beseni limerudi nyumbani.