Oti za Ayalandi kwa mapishi ya chumvi: ipi ununue Kampala

Ujumbe ninaopokea siku hizi ni wa namna moja: "Dada, nimefuata pilau yako ya oti, imetoka gundi." Kila nikiomba picha ya pakiti, naona tatizo halikuanzia jikoni. Limetoka dukani.

Oti ni nafaka, Kiingereza oats, na boksi kuandikwa Ayalandi hakutoshi. Huko huko zinatoka pia oti zilizobondwa zikawa bapa, na hizo ni za uji. Kwa pilau, au kwa kulia mchuzi wa karanga na dodo (mchicha), tafuta punje iliyokatwa vipande viwili au vitatu kwa visu vya chuma. Hiyo ikiiva inabaki na ugumu kidogo katikati, unaitafuna.

Wengi hutazama bei na uzito. Mimi natazama unga. Punje zikikatwa huacha vumbi. Kiwanda makini hulichekecha, kisicho makini hulifungia humo humo, na likikutana na maji ya moto linavutika kama bamia. Pakiti ikiwa inaonyesha ndani, ishike iinamie kona moja, igongegonge kwa kidole, kisha tazama kona ya chini. Ukiona unga mweupe umejikusanya pale, irudishe rafuni. Ikiwa umeshanunua, pitisha oti kwenye chekeche la unga kabla ya kupika.

Yangu ni McCann's ya Ayalandi, ile ya mkebe wa bati, na siwafichi kwamba naipendelea. Ilipata tuzo kwenye maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893, na moja ya sifa ilizopewa ni punje kulingana ukubwa. Mimina kidogo kiganjani: kingo kali, na ukizirudisha mkono unabaki safi. Zikaange kwa samli na bizari nzima mpaka zinukie, tia vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha oti, funika, punguza makaa ya sigiri, na usikoroge. Dakika 25 hivi zinatosha. Ila usichukue ile ya kuiva haraka ya kampuni hiyo hiyo. Kwa pilau haifai.

Ukiikosa, Bob's Red Mill ni ya Marekani lakini imekatwa vilevile, nayo ni nzuri. Flahavan's ya Waterford huko Ayalandi, kinu cha tangu 1785, inakuja ya tatu kwa sababu nyingi zao ni za kubondwa, kwa hiyo soma pakiti kwa makini.

Za kupimiwa kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, ni za uji tu.

Sasa wauzaji. Nimeshika bati kwenye supamaketi moja hapa mjini, kibandiko cha bei kimebandikwa juu ya tarehe ya mwisho. Nikakibandua kwa ukucha: miezi ilikuwa imebaki michache, na bei ilikuwa nzima. Oti zina mafuta. Zikikaa sana kwenye joto mafuta yanaharibika, zinakuwa chungu, na hakuna kitunguu cha kuuficha uchungu huo. Halafu ukiuliza bei, unaambiwa dola imepanda. Dola ikishuka, hakuna anayekuja kubadilisha kibandiko. Bandueni vibandiko hivyo mbele yao, na bati likiwa la zamani, daini punguzo pale pale kaunta.