Kulipa bili ya hospitali kwa awamu Mbeya: huduma nzuri, hesabu inayoumiza

Huduma ya kulipa kwa awamu katika hospitali binafsi za Mbeya ni msaada mkubwa. Mgonjwa anaruhusiwa, na ndugu wanaendelea kulipa kadiri viazi vya Rungwe au mpunga wa Kyela unavyouzwa. Kwa hilo inastahili nyota tatu kati ya tano. Mbili zinapotea baada ya mgonjwa kutoka wodini: familia inalipa kila mwezi, kisha inapigiwa simu na wakusanya madeni wanaodai kiasi kilekile cha mwanzo.

Mara nyingi pesa imefika, ila haijaingizwa kwenye bili ya mgonjwa. Ukilipa kwa Lipa Namba, yaani namba ya hospitali ya kupokea pesa kwa simu, mhasibu anaona jina la mwenye simu, kiasi na saa. Simu ni ya mjomba wa Uyole, faili ni la shangazi, nani ataunganisha? Tuseme deni ni 900,000, kianzio 300,000, kisha 100,000 kwa miezi sita. Baada ya miezi miwili zimebaki 400,000, lakini faili bado linasoma 600,000. Orodha ya wadaiwa ikichapwa siku hiyo, jina linaondoka na deni lisilo sahihi, na utakacholipa baadaye dirishani hakimfikii mkusanyaji mpaka hospitali impelekee orodha mpya.

Kwa hiyo ujumbe wa simu usiutegemee peke yake. Siku hiyohiyo au kesho yake nenda dirishani na namba ya faili na namba ya muamala, upewe risiti yenye jina la mgonjwa na salio. Risiti za mashine hufifia, hasa zikikaa karibu na jiko au kwenye pochi. Baada ya miezi michache unabaki na kikaratasi cheupe. Itoe kopi mapema.

Makubaliano nayo yawe ya maandishi, yenye kiasi na tarehe unazoziweza kweli. Karatasi ikisema 100,000 kila tarehe 5, ukalipa 70,000 tarehe 12, umelipa lakini umevunja makubaliano. Mkulima aombe tarehe zifuate mavuno. Hospitali nyingi hazipendekezi hilo zenyewe, na hapo ndipo zinapokosea.

Kwenye hospitali za serikali, kontroo namba, yaani namba ya malipo inayotolewa kwa kila bili, ni bora zaidi kwa sababu malipo yanafungwa kwenye bili yenyewe. Omba inayokubali malipo kidogokidogo, uangalie tarehe ya mwisho wake. Ukipewa mpya, hakikisha ya zamani imefutwa, la sivyo deni moja litaonekana mara mbili. Asiyeweza kulipa kabisa amwone afisa ustawi wa jamii kabla ya kuruhusiwa, kwa sababu akishatoka kazi inakuwa ngumu.

Mkusanyaji akipiga, usibishane wala usitume chochote. Muulize jina la kampuni, namba ya faili, kiasi, tarehe ya orodha, na barua ya hospitali iliyompa kazi. Mwenye barua ya kweli haoni shida kuionyesha. Akitaka pesa kwenye namba yake binafsi, kata simu. Kisha mwandikie mhasibu wa hospitali, ambatisha kopi za risiti zote kwa mfuatano wa tarehe, omba ulinganisho wa malipo na barua ya kurekebisha deni kwenda kwa mkusanyaji. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Awamu usizisimamishe wakati unasubiri.

Vitisho vya kubeba ng'ombe au televisheni visikutoe jasho: kwa bili ya kawaida ya hospitali, dalali hachukui mali bila amri ya mahakama. Akianza kuwatangazia majirani deni na ugonjwa wa mtu, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na malalamiko yanapelekwa kwenye Tume yake.

Ukimaliza awamu ya mwisho, usiondoke na risiti tu. Dai barua ya kumaliza deni yenye namba ya faili na salio sifuri, na nakala ipelekwe kwa mkusanyaji siku hiyo.