TAHADHARI: Muuzaji wa postikadi za zamani za treni za Colorado, anauza kopi kwa bei ya orijino

Wadau wa postikadi na stempu, hasa mlioko Marekani na Kanada, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna jamaa anauza "kadi za kale" za reli za Colorado, zile za treni inapita chini ya magenge pale Royal Gorge huku mto Arkansas uko ubavuni kwake, ana za Georgetown Loop, ana za korongo la Animas kwenye njia ya Durango kwenda Silverton. Picha tamu kweli, anauza dola 35 mpaka 60 kwa kadi moja, na maelezo anayapanga vizuri utadhani amezaliwa stesheni. Jina la akaunti siliweki kwa sababu keshabadilisha tangu watu waanze kulalamika, mkishika jina kesho anakuja na lingine, kwa hiyo nawapa alama za mzigo wenyewe maana huo habadilishi.

Shemeji yangu ndo alinunua, anakaa Aurora, akaniletea niione. Kadi ya Hanging Bridge, lile daraja la reli la Royal Gorge, imeandikwa eti imetumwa 1905. Kwa mbali safi kabisa: kona ya juu ina mkunjo, ule weupe wa karatasi iliyovunjika, na pembeni ya stempu kuna doa la kahawia la kikombe. Nikapitisha ukucha juu ya mkunjo. Hamna kitu, laini kama kioo. Yaani mkunjo umechapwa! Doa limechapwa, muhuri wa posta umechapwa, na stempu yenyewe ukiinamisha kadi kwenye taa unaona haina ukingo, meno yake yote ni wino tu. Shemeji akanyamaza kidogo alafu akasema "sasa hii si fotokopi jamani", nikamwambia ndo hiyo hiyo, ila karatasi ngumu. Wiki hiyo hiyo dada mmoja wa Kisii aliyeko Denver akatuonyesha ya kwake aliyonunua kwa jamaa huyo huyo: mkunjo ule ule, doa lile lile, na salamu zile zile za penseli kwenda kwa shangazi wa mtu huko Ohio. Huyo shangazi kapata barua nyingi aisee.

Picha anazitoa wapi? Sio siri. Ile kampuni ya zamani ya picha na postikadi, Detroit Publishing, iliyokuwa na mpiga picha maarufu William Henry Jackson, iliacha maelfu ya negativu za kioo na leo nyingi ziko Library of Congress, maktaba ya taifa ya Marekani, mtu yeyote anazishusha bure, kubwa na safi. Hilo halina ubaya, mi mwenyewe ninayo moja nimeifremu sebuleni. Ubaya ni kuishusha, kuipiga kwenye karatasi ngumu, kubandikia mgongo wa kadi nyingine uliyoiskani, alafu kuiuza kwa bei ya urithi. Na kuna sehemu inamuumbua: postikadi maarufu za Detroit ni za rangi, zimechapwa kwa mashine, baadaye zikawa na jina Phostint limeandikwa mgongoni. Yeye anauza picha nyeusi na nyeupe ina namba na maneno yaliyokwanguliwa chini kwenye negativu, eti ni "postikadi ya picha halisi ya Detroit" (picha halisi ni ile iliyosafishwa moja kwa moja kwenye karatasi ya picha, sio ya mashine ya chapa). Hapo ukishaona hivyo funga ukurasa.

Sasa tuje kwenye madaraja maana hapa ndo anakamata wengi. Pale Royal Gorge kuna madaraja MAWILI na yeye anayachanganya makusudi. La chini ni Hanging Bridge ya reli, la 1879. Hapo korongo limebana mpaka kati ya ukuta na ukuta ni kama mita 9 tu, mto umejaa sehemu yote, reli haina pa kukaa, kwa hiyo wahandisi wakafunga vyuma kutoka ukuta hadi ukuta juu ya maji na kulining'iniza daraja hapo kwa urefu wa mto, yaani treni haivuki mto, inapita juu ya ukingo wake sambamba na maji. Na hiyo njia ilipiganiwa kweli, kampuni mbili za reli, Santa Fe na Denver & Rio Grande, ziligombania hilo korongo mpaka watu wenye bunduki wakajichimbia kwenye mawe, wakapelekana mahakamani, mwisho wakamaliza kwa mkataba na Rio Grande wakachukua. Baadaye treni za abiria zilikuwa zinasimama hapo watu washuke waangalie juu, ndo maana kadi za sehemu hii zimechapwa nyingi mno. La pili liko juu kabisa, daraja la kamba za chuma la watalii, karibu mita 291 kutoka mtoni, na hilo limejengwa 1929. Sasa jamaa ana kadi ya "1908" na ukiangalia juu ya moshi wa treni, kile kiuzi chembamba kinachokata anga, ndo daraja la 1929! Nilimuuliza kwa meseji limefikaje hapo miaka ishirini kabla halijajengwa. Akaniblock.

Na hapo hapo mjue: kwa kuwa zilichapwa nyingi, kadi ya kawaida ya Royal Gorge ambayo ni orijino kabisa unaipata kwa dola chache. Zinazopanda bei ni picha halisi za ajali, stesheni ndogo zilizokufa, wafanyakazi wa reli wamesimama na injini, vitu vya namna hiyo. Kwa hiyo hata angekuwa mkweli, hiyo 60 bado ni wizi.

Mgongo wa kadi unaongea kuliko mbele. Marekani mpaka mwisho wa Februari 1907 mgongo ulikuwa wa anuani peke yake, salamu unabana mbele pembeni ya picha. Kuanzia tarehe 1 Machi 1907 ndo wakaruhusu mgongo ugawanywe kwa mstari, kushoto salamu kulia anuani. Ile kadi ya shemeji ya "1905" ina mstari katikati na salamu kushoto, tena zimeandikwa kwa nafasi. Kesi imeisha. Zile zenye ukingo mweupe kuzunguka picha nyingi ni za miaka ya 1915 mpaka 1930 hivi. Zile zenye mikwaruzo ya kitambaa ukizishika, wenyewe wanaziita linen, ni za miaka ya 1930 kuja mpaka 1950, na huyu jamaa anazo za kweli kabisa za Curt Teich, mchapaji wa postikadi wa Chicago, lakini kaziandika 1910. Za Teich wala hazihitaji ubishi, tafuta namba ndogo kwenye kadi, mfano ikianza na 6A-H maana yake 1936, ile A ni miaka ya thelathini, B arobaini, C hamsini, na tarakimu ya mbele ndo mwaka.

Kwa za picha halisi angalia kiboksi cha stempu, kile kilichochapwa mgongoni pa kubandika stempu, kina jina la karatasi ya picha. Karatasi ya AZO yenye pembetatu nne zote zinaangalia juu ni 1904 mpaka 1918, mbili juu mbili chini ni 1918 mpaka 1930, ukiona vimraba ni kuanzia katikati ya miaka ya ishirini. Ila hiyo anaweza kuiskani pia, kwa hiyo nunueni kile kioo kidogo cha kukuzia cha sonara, bei chee. Picha halisi ukiikuza haina nukta, rangi inapotea taratibu tu. Ukiona vinukta vimejipanga au vimemwagika rangi rangi, hiyo imetoka kwenye printa au mashine ya chapa. Na kitochi cha UV: karatasi nyingi za baada ya vita ya pili zinawaka bluu nyeupe, za zamani zinabaki zimefifia. Isipowaka usishangilie, ila ikiwaka na kadi inajiita ya 1905, basi.

Malipo sasa. Kadi anaiweka kwenye soko la mtandaoni linalomlinda mnunuzi, ukimuuliza swali anakuvuta inbox, anakupunguzia dola kumi alafu anataka Zelle, ile ya kutumiana hela benki kwa benki, au PayPal ile ya marafiki na familia. Hiyo ya marafiki haina ulinzi wa mnunuzi na yeye analijua hilo vizuri sana. Ukiona muuzaji wa kadi hataki kukupigia picha ya mgongo akiwa ameinamisha kadi kwenye mwanga, mwache na kadi yake.

Halafu juzi kanikera zaidi, kashagundua Waafrika Mashariki tunamnunulia, kaanza kuweka za Uganda Railway. Ana moja "treni ikiwasili Kisumu, 1899". Reli ilianza Mombasa 1896, na ziwani ilifika Desemba 1901, mji wenyewe wakati huo wanauita Port Florence. Nyingine ya bonde la ufa ameandika 1905 na stempu yake ni ya Kenya Uganda Tanganyika, zile zilizoanza 1935. Na za Waingereza mgongo wenye mstari ulianza 1902, kwa hiyo hiyo ya 1899 yenye mstari hata isingetaja Kisumu ingekufa tu. Wazee wetu walivuja jasho kwenye reli ile, huyu anatuuzia kwa wino wa printa.

Kama umeshanunua kwake: usiirudishe kadi kabla hujapiga picha mbele, nyuma na bahasha yenye muhuri, hifadhi skrinishoti za tangazo maana anafuta haraka. Kama ulilipa kwa kadi ya benki piga benki ubishie malipo, usikae ukasubiri "nitakurudishia Ijumaa" zake. Ikiwa ilipita posta ya Marekani, lalamika pia kwa US Postal Inspection Service, fomu iko mtandaoni na utapeli wa kupitia posta ndo kazi yao. Anayesita juu ya kadi yake anitumie picha ya mgongo na ya kona ya juu, nitaangalia nikitoka job. Nnazo tayari tatu zenye doa la kikombe lile lile.