“Umeichokonoa, Mama”: uzoefu wangu na kompyuta ya mtumba hapa Mtwara

Siku niliyonunua kompyuta hii nilipewa shikamoo mbili, moja nilipoingia dukani na nyingine nilipokuwa nahesabu fedha. Siku niliyoirudisha ikiwa na hitilafu sikupewa hata moja. Kijana yule yule, nyuma ya meza ile ile ya kioo, aliinua macho kutoka kwenye simu yake, akalitazama kasha nililokuwa nimelikumbatia kama mtoto mwenye homa, akaiona stika iliyochanika ubavuni, kisha akasema mbele ya wateja watatu: “Hii umeichokonoa, mama.” Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayefikiria kununua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, lakini nakiri mapema kwamba sina hakika kama ninaitathmini mashine au ninalitathmini neno hilo moja.

Nina kibanda cha steshenari Mikindani, ambako kazi yangu ni kuchapa barua, kutoa nakala za vitambulisho na kuwatafutia watu matokeo ya mitihani ya watoto wao. Msimu wa korosho ukifika, wakulima wanapohitaji nakala za kadi za benki ili malipo yao yapite kwenye chama cha msingi, foleni hutoka nje ya mlango. Kompyuta mpakato niliyokuwa nayo ilikufa kioo, na kioo chake kilikuwa na bei inayokaribia ya mashine nyingine nzima. Nikaamua kununua ya mezani, kwa sababu ya mezani ikifa kioo unanunua kioo, ikifa kibodi unanunua kibodi, na hakuna mtu atakayeitia kwapani akakimbia nayo. Nililipa shilingi 250,000 kwa seti yote. Ni moja ya yale makasha meusi mazito yaliyokuwa yakikaa chini ya meza za makarani miaka mingi iliyopita, na mpaka leo nasema kwamba bei ile haikuwa ya dhuluma.

Siku za mwanzo nilifurahi kupita kiasi. Kisha akaja mzee mmoja kuchapa barua ya maombi ya kiwanja. Nikaichapa vizuri, nikaweka tarehe kwa kubonyeza ile sehemu inayojiandika yenyewe, nikatoa karatasi, naye akaikunja na kuondoka nayo. Alirudi mchana akiwa amenuna. Karani aliyepelekewa barua alikuwa amecheka, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa tarehe 1 Januari 2009. Mzee aliniuliza kwa upole, ule upole unaouma kuliko matusi, kama maombi yake yalikuwa yamechelewa au yamewahi. Nilimchapia nyingine bure.

Nikairekebisha saa. Kesho yake asubuhi mashine iliwaka ikasimama kwenye kioo cheusi chenye maandishi meupe, ikanitaka nibonyeze F1 ndipo iendelee, na ilipoendelea ilikuwa imerudi 2009. Hayo ningeweza kuyavumilia, maana tarehe ningeiandika kwa mkono. Lakini intaneti nayo iligoma. Kila tovuti niliyoifungua ilinionya kuwa muunganisho si salama, na wazazi waliokuja kutafuta matokeo nikawa nawaelekeza kwa jirani yangu mwenye simu kubwa. Baadaye nilikuja kuelewa kisa chake: tovuti hizi hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kompyuta inayoamini kwamba tuko 2009 inaona vyeti vyote vya leo havijaanza kutumika, kwa hiyo inavikataa. Mashine haikuwa imeharibika akili. Ilikuwa inafuata kanuni kwa uaminifu kamili, ila kwa kalenda ya kale.

Hapa lazima niseme ukweli ambao unanipunguzia haki. Kabla ya kuirudisha dukani nilikuwa nimeifungua. Feni ilikuwa ikivuma kama mashine ya kusaga, na kwetu Mikindani upepo wa bahari huleta chumvi inayokula chuma chochote kisichoangaliwa, kwa hiyo sikuona sababu ya kusubiri. Nilifungua ubavu, nikachana stika kwa ukucha, nikakuta vumbi limejikunja mithili ya pamba ya mto na mende mmoja aliyekufa zamani. Nilisafisha kwa brashi ya rangi ambayo haijawahi kuguswa na rangi. Risiti ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwamba waranti ni miezi mitatu na kwamba “ukifungua hakuna waranti.” Niliisoma. Sikuelewa tu kwamba kufuta vumbi nako ni kufungua.

Jambo moja zaidi kabla sijarudi kwenye hasira yangu. Nyuma ya makasha mengine ya zamani, karibu na mahali pa kuchomeka waya wa umeme, kuna kitufe chekundu kidogo kinachosogezwa kushoto au kulia, upande mmoja umeandikwa 115 na mwingine 230. Umeme wetu ni wa volti 230. Mashine iliyotoka nchi za umeme mdogo, kama Marekani, inaweza kufika huku kitufe kikiwa bado upande wa 115, na ukiiwasha hivyo utasikia mlio mmoja tu na kunusa moshi. Changu kilikuwa upande sahihi, lakini nilikikagua mwenyewe. Hakuna aliyenitajia.

Basi, nilipanda bajaji na kasha langu mapajani hadi mjini. Kijana alipokwisha kusema neno lake, alichomeka mashine ukutani, akabonyeza F1 kwa haraka ya mtu anayeua mbu, akairekebisha saa bila hata kuniambia kwamba anairekebisha, akaiunganisha na simu yake na kufungua kurasa mbili tatu. Zote zilifunguka. Akaizima, akaiwasha tena, na saa ilikuwa sahihi. “Hapa ni nzima,” alisema. “Huko nyumbani ndiko inakochokonolewa.” Nilimweleza kwamba kila asubuhi inapoteza tarehe. Akasema kama ni hivyo basi mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imechoka, nami nimeichosha zaidi, na kwamba kubadilisha itakuwa shilingi 80,000 kwa kuwa waranti nimeichana kwa mkono wangu. Mteja mmoja alicheka. Mimi nina watoto wakubwa kuliko kijana yule, na nimechapa barua katika mji huu tangu enzi za taipureta, mashine ambayo nilikuwa naifungua na kuitia mafuta mwenyewe kila mwezi bila kumwomba mtu ruhusa. Sikumjibu. Nilichukua kasha langu nikatoka, na njia nzima nilikuwa natunga majibu ambayo yangefaa dakika kumi nyuma.

Usiku nilikaa nikafikiri. Dukani ilizimwa ikawashwa na haikusahau. Nyumbani inasahau. Tofauti ni nini? Tofauti ni kwamba mimi kila nikifunga kibanda nazima swichi ya ukutani, kwa kuogopa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, na kwa kuzionea huruma yuniti za Luku. Kijana hakuzima ukutani hata mara moja. Kompyuta ya mezani ikiwa imezimwa lakini bado imechomekwa, umeme kidogo huendelea kupita ndani yake na kuitunza saa. Ukikata ukutani, saa inabaki kutegemea betri ndogo ya duara iliyolala kwenye mazabodi. Kama betri hiyo imekufa, kila unapozima swichi unaipeleka mashine kaburini, na asubuhi inafufuka bila kumbukumbu.

Nilifungua tena, safari hii bila woga, kwa kuwa stika haikuwapo tena ya kuchana. Betri nilikuta imelala mahali pake, inang’aa kama sarafu mpya. Niliichomoa kwa ukucha ule ule nikaipeleka kwa fundi saa sokoni, mzee anayekaa chini ya mwavuli na kioo chake cha jicho. Hakuniuliza imetoka wapi. Aliipima akakuta volti moja na kidogo, wakati inatakiwa tatu. Akasema betri hizi ndizo zinazotumika kwenye rimoti za magari, na kwamba jina lake, CR2032, ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Shilingi 2,000. Alinipa na karatasi ya kuishikia ili nisiipake mafuta ya vidole.

Shilingi elfu mbili! Nilirudi nikaipachika, nikaweka tarehe, nikazima ukutani usiku kucha, na asubuhi nilipowasha mashine ilijua leo ni siku gani. Tangu hapo haijasahau hata mara moja. Nilipiga hesabu ya elfu 80 ukitoa elfu 2 mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa hesabu rahisi namna hiyo. Ama kijana alijua kwamba ni betri, na hapo ni mwizi, ama hakujua, na hapo anauza vitu asivyovifahamu. Kwa siku kadhaa nilipendelea la kwanza, kwa sababu lilinipa hasira iliyo safi.

Sasa kuhusu mashine yenyewe, maana huenda msomaji ameanza kudhani kwamba najuta. Sijuti. Tangu niifungue mara ya pili nimeifungua labda mara kumi. Siku moja iligoma kabisa kuwaka, ikawa inalia pi-pi-pi na kioo cheusi, nikachomoa ramu, kile kijibao cha kumbukumbu, na kusugua yale meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, ule ninaouza mwenyewe kwa shilingi 200, nikarudisha, ikawaka. Tatizo lililokuwa kubwa kuliko betri ni kwamba ilikuja na Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuitolea masahihisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na hilo kijana alilipita kimya. Mtoto wa dada yangu aliniwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta ambao hauna malipo, na printa yangu ilikubaliana nao siku hiyo hiyo. Barua zinachapwa. Matokeo yanafunguka. Msimu uliopita foleni ya korosho niliimaliza bila kumpeleka mteja kwa jirani. Kama unaniuliza ninunue ya mezani ya mtumba au nisinunue, nakwambia nunua, lakini zima ukutani kwanza, subiri kidogo, kisha iwashe mbele ya muuzaji na uitazame tarehe kabla hajaigusa. Na kama unaniuliza ununue kwake, jibu langu lilikuwa hapana, na lilikuwa hapana kwa muda mrefu.

Nasema lilikuwa, kwa sababu nilirudi. Nilitaka kuongeza ramu, na ramu ya DDR3, aina inayoingia kwenye mashine yangu, niliitafuta maduka manne. Kila mahali walikuwa nayo ya aina nyingine, ambayo pengo lake la katikati halilingani na la mashine yangu na haiingii hata uisukume namna gani. Duka la tano ni lile. Nilisimama nje kidogo, nikajiambia kwamba fedha haina kinyongo, nikaingia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

Alinipatia ramu, akataka elfu 15, akapunguza mwenyewe hadi elfu 12 kabla sijafungua mdomo. Kisha akaniuliza, macho yakiwa kwenye droo, kama ile mashine bado inawaka. Nikamwambia inawaka. Akauliza nilibadilisha mazabodi kwa nani. Nikamwambia sikubadilisha kitu isipokuwa betri ya elfu mbili, na nikamweleza habari ya swichi ya ukutani, polepole, kama ninavyomweleza mzazi kwamba jina la mtoto halipo kwenye orodha. Hakucheka. Aligeuka akatazama rafu ya nyuma, ambako kulikuwa na makasha mawili yamewekwa kando na kuandikwa “mazabodi” kwa kalamu ya wino mzito. Akasema yote mawili yalirudishwa na wateja, yanapoteza tarehe.

Sikujua nimwonee huruma au nimkaripie, na ile hasira yangu safi ikaniponyoka mkononi, maana mwizi hangeweza kuyaweka kando namna ile na kukubali hasara. Alishusha kasha moja juu ya meza ya kioo, akalisogeza upande wangu, akaniuliza: “Inakaa upande gani, mama?” Stika yake ilikuwa bado nzima. Nikaichana mwenyewe.